Ukurasa wa Walimu: Mtihani Jumatatu, na Koko Anaita

Mwezi huu tulikuwa tumepanga kuongea juu ya madaftari ya watoto wa shule ya msingi, lakini tumeyasukuma mbele. Kuna jambo limefika mlangoni kwetu mara tatu ndani ya wiki chache. Mara ya kwanza tulilijibu vibaya, na tunaona ni vema tuseme hivyo wenyewe kabla watu hawajatusemea.

Jambo lenyewe ni hili. Kijana anasoma chuo. Nyumbani, huku kambini, kuna koko au baba mkubwa ambaye bado anashika desturi za zamani. Anamwaga pombe kidogo chini kwa ajili ya waliotangulia, anawataja marehemu kwa majina, na anajua habari za Lyangombe na za kubandwa. Kanisani hayo yanaitwa upagani, na chuoni yanaitwa ushamba. Kijana yuko katikati, na mtihani hausubiri.

Wa kwanza kuja kwetu alikuwa msichana wa mwaka wa pili, anayepanga chumba huko mjini Kamembe na wenzake wawili, kile vijana wanaita geto. Siku ya Ijumaa koko yake alimtumia habari kwamba Jumapili jamaa itamkumbuka babu, ambaye alifia njiani wakati wa kukimbia na hakufanyiwa matanga. Jumatatu asubuhi msichana alikuwa na mtihani wa hesabu za biashara. Alikuja kutuuliza afanye nini. Sisi, kwa haraka ya kiualimu, tukamwambia: "Achana na mambo ya mizimu, soma."

Alibaki geto. Hakulala usiku wa Jumamosi wala wa Jumapili. Usiku wa pili alichukua kikombe, akamwaga soda kidogo mlangoni, akataja jina la babu yake. Mwenzake mmoja akamwona. Asubuhi habari ikazunguka kwamba analoga ili apate pointi. Mtihani ulimshinda, na kwa wiki tatu hakukanyaga kambini, alimwogopa koko na alituogopa sisi pia. Chumbani napo hakuna aliyetaka kula naye sahani moja.

Tulikwenda kwa koko tukijua tutagombezwa. Yule mama mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema: "Walimu, nani aliwaambia kumwaga pombe ni kazi ya mutoto? Hiyo ni kazi yangu. Yeye nilitaka tu ajue majina."

Majina yenyewe ni saba. Tulihesabu naye.

Hapa Rusizi jambo hili liko na historia ndefu, na inafaa vijana waijue. Misheni ya Mibirizi, si mbali na sisi, ilianzishwa mwaka 1903, na tangu wakati ule desturi na ubatizo vimesukumana kwenye vilima hivi. Mwami Musinga wa Rwanda alikataa kubatizwa. Novemba 1931 Wabelgiji walimwondoa kwenye kiti, wakamleta kukaa hapa Kamembe, mji ule ule ambapo wanafunzi wetu wanapanga vyumba leo. Mwaka 1940 wakamvusha mpaka Moba, Kongo, na huko ndiko alikofia mwaka 1944. Mtoto wake Rudahigwa, aliyetawala baada yake, alibatizwa mwaka 1943. Kwa hiyo hata katika nyumba ya mwami, baba na mtoto hawakufuata njia moja, na watu wa nyumba zetu za shitingi wasijione wa ajabu wakikosa kupatana juu ya jambo hili.

Angalieni na Umuganura, sikukuu ya mavuno mapya, ya mtama na ulezi. Mwaka 1925 Wabelgiji waliikataza, na Gashamura, mzee aliyekuwa mlinzi wa desturi hiyo, wakampeleka uhamishoni Burundi. Leo Umuganura ni siku ya mapumziko Rwanda nzima, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa nane, tangu serikali ilipoirudisha mwaka 2011. Kwetu Bushi, wazee wanakumbuka Mubande, sherehe ya mwami kwa ajili ya mbegu. Ni ndugu ya hiyo. Kitu kilichomtoa mtu kwake mwaka 1925 leo kinafunga ofisi ili watu wakae na jamaa zao.

Habari za Lyangombe nazo hazijui mpaka. Wanyarwanda wanamwita Ryangombe, Warundi wanamwita Kiranga, Bashi na Bahavu wanamjua vilevile. Wote wanasimulia mwindaji aliyeuawa na nyati, na ule mti wa maua mekundu, umuko, ambao ulimpokea. Wanasema anakaa juu ya Karisimbi. Na waliobandwa walikuwa watu wa kila kabila, wakiitana ndugu. Msichana wetu alimsimulia hayo yule mwenzake aliyemwona na kikombe, na kumbe yule naye alikuwa ameisikia hadithi hiyo hiyo kwa bibi yake huko Nyamasheke, ila alikatazwa kuisema. Hatusemi walipatana siku ile. Lakini sahani ilirudi kuwa moja. (Mambo ya ndani ya kubandwa yana siri zake, wanaoyajua walikula kiapo, na ukurasa huu si mahali pa kuyachimba.)

Sasa tuongee juu ya kuwaza sana, ambako vijana wanaita stresi. Mwanafunzi wa chuo kutoka kambini anabeba mizigo ambayo mzazi haioni. Wengi walisoma Kifaransa mpaka sekondari. Hapa, tangu uamuzi wa serikali wa mwaka 2008, masomo ni kwa Kiingereza. Anayesaidiwa na DAFI, ule ufadhili wa HCR ulioanza mwaka 1992, anajua kwamba akianguka anaweza kuupoteza. Asiyefadhiliwa anawaza kodi ya chumba. Juu ya hayo yote anapokea simu: "Mizimu imekasirika juu yako." Wazazi, tunawaomba maneno hayo yasitumwe kwa simu wiki ya mtihani. Kichwa kikipata moto hakishiki somo, na usingizi ukikatika siku mbili hata kile alichokijua kinapotea. Mkipanga siku ya kukumbuka marehemu, mwambieni mapema, naye awape ratiba yake ya mitihani. Ile Ijumaa ya Umuganura inafaa sana, sababu hakuna masomo, na hakuna jirani atakayeuliza kwa nini watu wamekusanyika kwenu.

Tulichopatana na koko ni hiki. Kila Jumapili jioni anapigiwa simu. Msichana anataja majina saba, kuanzia babu kwenda juu, na koko anamsimulia kitu kimoja juu ya mmoja wao: huyu alikuwa mhunzi, huyu alivuka Ruzizi akiwa na ng'ombe wawili. Dakika kumi zinatosha. Halafu msichana anafunga madaftari na kulala. Yeye anasema usiku wa Jumapili ndio anaolala vizuri kuliko zote. Sisi hatuna haja ya kuulizana kama ni mizimu au ni sauti ya koko inayomtuliza. Kwaya anaimba bado, na kiongozi wa kwaya alipoambiwa alikaa kimya muda, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuandikiwa majina ya kwao.

Lakini tusidanganyane. Kuna desturi zinazotuliza na kuna zinazoongeza mzigo. Jamaa moja iliuza chakula cha mwezi ili wanunue mbuzi wa kutambikia, na mwanafunzi wao akarudi chuo bila nauli, akifikiria wadogo zake wanakula nini. Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu juu ya mambo haya, alituambia kwamba mtu aliye njiani anatoa alichonacho, hata maji. Na tuko njiani. Pombe nayo imwagwe na wazee. Kijana mwenye mtihani asiambiwe anywe ili kuonyesha heshima. Moto usiwashwe karibu na shitingi, hata kama huko kwetu kila kitu kilifanywa kando ya moto. Wale wanaotaka kijana afuate desturi ya siku nyingi za usiku, wangojee likizo, tena wamuulize kwanza kama anataka. Akikataa, asiitwe mtoto aliyepotea.

Na upande wa pili: wachungaji na wanakwaya, kijana akikiri kwamba kwao wanamwaga pombe chini, msimwite shetani mbele ya wenzake. Tumeona matokeo yake. Anaanza kuficha, na kuficha ndiko kunakomaliza nguvu aliyohitaji kwa kusoma.

Neno moja tunalisema bila kuzunguka. Kijana asiyelala wiki mbili, asiyekula, anayejitenga, au anayesema afadhali afe, msimwambie tu kwamba ni mizimu, na msimwambie tu aombe. Mpelekeni kituo cha afya siku ile ile, na mtu akae naye. Hapa Rwanda watu wanalijua neno guhahamuka tangu 1994, na wahudumu wanajua kumsikiliza mtu aliyeona vita. Koko anaweza kwenda pamoja naye. Hakuna daktari atakayemfukuza.

Msichana alirudia mtihani ule wa hesabu na akapita. Mwingine, wa Kiingereza, bado anao mwezi ujao. Amekuja kutuomba tumsaidie siku za Jumamosi, na tumemkubali. Wengine wenye shida hiyo ya Kiingereza waje pia, saa nane mchana, darasa la mwisho karibu na bomba la maji. Na mwenye koko anayekumbuka majina aje na daftari la pili. Tutamfundisha namna ya kuyaandika kwa mstari, wa karibu chini na wa zamani juu, kabla hatujapoteza wanaoyajua.