Mfereji wa Barghash utafutwe kabla haujafukiwa

Na Zuhura Makame Haji

Anayetembezwa kwenye magofu ya Marhubi huonyeshwa kwanza nguzo. Zimepangana safu kwa safu, nene, nyeusi kwa mvua za miaka, zilizobeba roshani za kasri la Sayyid Barghash lililomalizika mwaka 1882 na kuteketea kwa moto 1899. Kisha hupelekwa kwenye hamamu zenye kuba, akasimuliwa habari za masuria, na matembezi yakaishia hapo. Mabaki ya mfereji wa mawe ulioleta maji pale, pamoja na mabirika yaliyoyapokea, hupitwa tu.

Kwangu mimi mfereji ndio wenye habari kubwa zaidi. Katika utawala wake wa 1870 hadi 1888, Barghash aliyavuta maji ya chemchemi za upande wa Bububu, kiasi cha kilomita kumi kaskazini, hadi mjini Unguja. Kabla yake mji uliishi kwa visima, vingi vyao vya maji ya chumvichumvi, na kwa birika za kukingia mvua. Hata mabaharia waliotaka maji matamu walikwenda kuteka Mtoni. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1869 kiliua watu wengi mno, na Dkt. James Christie, tabibu aliyekuwapo Unguja siku hizo, aliandika kitabu kizima kuhusu maradhi hayo, kikachapishwa 1876. Barghash alikalia kiti Oktoba 1870, msiba huo ungali mbichi. Maji safi hayakuwa anasa kwa mji uliozika namna ile.

Tusimsifu mfalme peke yake, lakini. Soko la watumwa lilifungwa 1873, ila utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Unguja mpaka 1897. Kazi za kuchimba, kuchoma chokaa na kubeba matumbawe katika mji wa namna hiyo tunajua ziliwaangukia akina nani. Kila jiwe la mfereji lililosalia ni ushahidi wa jasho lao, na hiyo ni sababu nyingine ya kulilinda.

Kasri la Beit al-Ajaib lilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, Zanzibar nzima ilishtuka. Mfereji unaondoka kipande kipande bila kelele, kwa sababu kasri lina mlango, lina jina na lina tiketi, ilhali mfereji unapita katika viwanja vya watu. Ukuta mfupi wa matumbawe ukionekana nyuma ya nyumba, mwenye kiwanja anaweza kudhani ni ua wa zamani, akang'oa mawe yake kujengea msingi. Simlaumu. Nani amewahi kumwambia ni kitu gani?

Kuutafuta si kazi ya miujiza. Maji ya mfereji hayapandi kilima, kwa hiyo njia yake lazima iteremke kidogo kidogo kutoka chemchemi hadi mjini. Mpima ardhi akianzia kwenye chanzo, akashika mteremko, akapitia Marhubi na kuelekea Hamamni, ambako Barghash aliwajengea watu wa mjini hamamu iliyotumika hadi mwaka 1920, atajua pa kuchimba na pa kuuliza. Na aulize hasa. Wazee wa Bububu na Mtoni waliochunga ng'ombe na kuokota kuni katika mabonde hayo wanajua mawe yalipo, lakini hawatakuwa nasi milele.

Isidhaniwe pia kwamba haya ni mambo ya magofu tu. Chemchemi za Bububu bado zinanywesha mji wetu, na kila mwaka tunasikia viongozi wakikemea ujenzi ndani ya vyanzo vya maji. Nyumba inayosimama juu ya chanzo inaharibu mambo mawili kwa mpigo: maji ya leo na mwanzo wa mfereji wa jana.

Ndiyo maana naziomba Mamlaka ya Maji na idara ya mambo ya kale zifanye kazi hii pamoja, kwa ramani moja. Njia yote ipimwe, kila kipande kilichosalia kipigwe picha na kuwekewa bikoni, na masheha wapewe nakala, ili mtu akija kuomba kibali cha kujenga aonyeshwe mstari unapopita kabla hajanunua tofali la kwanza.