Masisi na Walikale: Omeprazole inanyamazisha tumbo, nani anatafuta kidonda?

Mtu anayeumwa tumbo Masisi au Walikale hahitaji kueleza mengi. Anafika farmasi, anaweka mkono chini ya kifua, anasema linawaka, na muuzaji anamtolea omeprazole. Mwenye franga za kutosha anabeba plaketi nzima. Asiye nazo anakatiwa vidonge vinne. Siku ya tatu maumivu yanapoa na dawa inaachwa. Mwezi ukipita moto unarudi, na safari ya farmasi inaanza upya. Wako wakaaji wanaoishi hivyo kwa miaka, nao wanaamini kwamba wanajitibu.

Wanachofanya ni kulinyamazisha tumbo. Omeprazole yenyewe haina kosa: ilianza kuuzwa mwaka 1988, na leo iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Ulimwenguni. Inazima pampu ndogondogo zilizo katika ukuta wa tumbo, zile zinazotoa asidi, na asidi ikipungua kidonda kinapata nafasi ya kufunga. Ila kidonda kimetoka wapi? Swali hilo haliulizwi kwenye meza ya farmasi, na mara nyingi haliulizwi hata kwenye kituo cha afya.

Majibu makubwa ni mawili. La kwanza ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Zamani madaktari duniani kote walifundisha kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na mawazo na pilipili. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, aliwanywa bakteria hao mwenyewe ili kuonyesha kwamba wanaleta ugonjwa. Siku chache baadaye alikuwa anatapika, na uchunguzi ukaonyesha ukuta wa tumbo lake umevimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2005. Pamoja na hayo yote, vijijini bado mgonjwa anaambiwa aache sombe yenye pilipili, aache maharagi na apunguze mawazo. Kumwambia mtu aliyekimbia vita mara tatu apunguze mawazo ni kukosa la kumwambia.

Bakteria huyo huingia zaidi utotoni, katika nyumba zenye watu wengi, na wengi wanaishi naye bila kuugua. Lakini mwenye kidonda akiwa naye, omeprazole peke yake haimwondoi. Inatakiwa omeprazole asubuhi na jioni pamoja na antibiotiki mbili, mara nyingi amoxicillin na clarithromycin, kwa siku 14 bila kuruka. Mtu ambaye mwili wake unakataa penicillin lazima aseme mapema, abadilishiwe. Metronidazole inaweza kuingizwa katika mpango huo, ila barani Afrika watu wameimeza sana kwa kila kuhara, na bakteria wengi wameshaizoea. Ndiyo sababu mpango unapaswa kuandikwa na daktari au muuguzi aliyemsikiliza mgonjwa, kwa sababu rangi ya boksi haimwambii mtu ni dawa ipi inamfaa.

Jibu la pili linauma zaidi, kwa sababu linauzwa kwenye meza ileile. Ni dawa za maumivu: ibuprofen, diclofenac, aspirini, indomethacin. Mchimbaji wa Rubaya, mbebaji mizigo kwenye njia za msitu wa Walikale, mama anayelima akiwa na mtoto mgongoni, wote mgongo unawauma, na vidonge hivyo vinawasimamisha kesho yake. Vinaondoa pia utando unaolinda ukuta wa tumbo. Vikimezwa kila siku, na njaa, na jioni kanyanga juu yake, kidonda kinafuata. Kisha mtu huyohuyo anauziwa omeprazole huku akiendelea na diclofenac. Muuzaji anayetoboa na kuziba siku moja hawezi kusema hakujua. Angeuliza tu: “Unatumia dawa gani nyingine?” Paracetamol, kwa kipimo chake, ingelipunguzia tumbo mzigo huo.

Na maziwa? Masisi ni nchi ya ng'ombe na jibini, na ushauri wa kunywa maziwa ili kutibu vidonda ni wa zamani. Yanapooza kwa muda mfupi, halafu yanaliamsha tumbo litoe asidi tena. Ni chakula kizuri. Hayatibu.

Kuna jambo moja linalostahili kusemwa kwa sauti kubwa zaidi Kivu Kaskazini kuliko Paris. Asidi ya tumbo ni mlinzi. Vimelea vya kipindupindu vinavyoingia na maji vinakufa kwa wingi vikikutana nayo. Mlinzi akilazwa usingizi, vimelea vichache zaidi vinatosha kumwangusha mtu. Wataalamu walilipima jambo hilo miaka mingi iliyopita kwa watu waliojitolea. Goma haijasahau Julai 1994, na tangu wakati huo kipindupindu kimekuwa mgeni asiyeaga katika jimbo hili. Anayechota maji mtoni au anayeishi chini ya hema, akimeza omeprazole mwezi baada ya mwezi bila sababu inayojulikana, anakiondoa kizuizi alichopewa bure na mwili wake. Hii haina maana kwamba anayeihitaji aitupe. Amalize siku zake, na katika siku hizo awe mkali kuliko kawaida kuhusu maji: yachemshwe au yatiwe klorini, hata kama jirani anakunywa vilevile na haumwi.

Matumizi yenyewe nayo yanaharibika kwa mambo madogo. Omeprazole humezwa asubuhi, karibu nusu saa kabla ya kula, kwa sababu pampu zile zinaamshwa na chakula na dawa inatakiwa iwe imeshafika. Ndani ya kapsuli kuna punje zilizofunikwa ili asidi isiziharibu njiani. Anayezitafuna au kuzisaga amepoteza pesa zake. Unyevu pia unaziua. Katika msitu wa Walikale, ambako nguo haikauki kwa siku mbili, plaketi iliyokatwa na kufungwa kwenye karatasi si ya kuaminika, na punje zilizogeuka rangi au kushikana zitupwe. Kidonda cha utumbo wa mwanzo huhitaji wiki 4 hivi, cha tumbo lenyewe hadi wiki 8. Aliyeitumia kwa miezi mingi akiacha ghafla, asidi inaweza kurudi kwa nguvu kwa wiki kadhaa, naye akadhani ugonjwa umezidi. Apunguze polepole akisaidiwa na muuguzi.

Kwa wenye kiungulia tu, yaani asidi inayopanda hadi kooni, sehemu ya dawa iko katika saa ya kula. Familia nyingi zilizokimbia vijiji vyao zinakula mara moja kwa siku, usiku, kisha zinalala. Hawakuchagua hivyo. Lakini pale inapowezekana kula jua likiwa bado juu, kukaa saa mbili au tatu kabla ya kulala, na kuinua upande wa kichwa wa kitanda kwa vipande vya mbao, usiku unapungua ukali. Wenye kutafuna vidonge vya aluminiamu au magnesiamu wakumbuke kwamba vinazuia dawa nyingine kuingia mwilini. Anayetumia ARV zenye dolutegravir azimeze saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baadaye, na awaambie wahudumu wa afya.

Sasa, mambo yasiyongoja. Kutapika damu au kitu kinachofanana na unga wa kahawa, choo cheusi kama lami, kukonda bila sababu, chakula kukwama kooni, au maumivu ya ghafla yanayofanya tumbo liwe gumu kama ubao: huyo hapewi omeprazole na kurudishwa nyumbani. Anatafutiwa pikipiki au machela. Hapa vita vinaingia ndani ya ugonjwa. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa mwishoni mwa Januari 2025, na Machi mwaka huohuo mapigano yalifika hadi Walikale-centre. Tumbo lililotoboka linahitaji upasuaji kwa saa, na barabara za Pinga au Nyabiondo hazimhakikishii mtu saa.

Kwa hiyo kidonda lazima kikamatwe mapema, kijijini, kabla hakijatoboka. Wengine watasema haiwezekani, kwa kuwa kifaa cha kuchungulia tumbo kiko katika miji mikubwa. Hoja hiyo haitoshi. Kwa mtu ambaye hajafika miaka 50 na hana dalili moja kati ya zile za hatari, madaktari wa nchi nyingi wanakubali njia fupi: apimwe Helicobacter pylori kwenye choo, na akionekana naye, atibiwe. Kipimo cha choo hakihitaji chumba cha upasuaji wala mtaalamu kutoka Kinshasa. Kile cha damu ya kidole kina udhaifu wake, kwani kinaweza kuonyesha bakteria aliyeshaondoka zamani.

Na hapa uzembe wa farmasi unalipwa mara mbili. Mtu aliyekuwa anameza omeprazole hadi jana anaweza kupimwa choo na kipimo kikasema hana kitu, kumbe bakteria wamejificha tu. Anatakiwa kuacha omeprazole wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Baada ya matibabu asubiri tena wiki 4 ndipo apimwe kujua kama amepona. Muuguzi asiyeuliza habari hiyo anaandika majibu ya uongo kwenye karatasi safi.

Viongozi wa zoni za afya za Masisi, Mweso, Kirotshe, Katoyi, Walikale, Pinga, Kibua na Itebero, pamoja na mashirika yanayowasaidia, hawana sababu ya kuendelea kupeleka omeprazole peke yake kwenye vituo. Ipelekwe na vipimo vya choo, na antibiotiki zinazotosha siku 14 kwa kila mgonjwa, zikiwa zimefungwa pamoja ili zisigawanywe na kuuzwa nusunusu. Pikipiki zinazobeba vipimo vya malaria na klorini hadi mwisho wa barabara zinaweza kubeba na boksi hilo. Litakuwa na uzito mdogo kuliko katoni za diclofenac zinazopita njia hiyohiyo kila wiki.