Vinyoya: Mkono na Akili Vifundishwe Pamoja

Mchezo wa vinyoya huonekana mwepesi kwa aliyekaa barazani kuutazama. Kumbe ni elimu, na kila elimu ina mlango wake. Ninalotaka kuwaambia wazee na waalimu wa hapa Kizingo ni kwamba wanetu wengi wanaingizwa kwa dirisha.

Mtoto hajajua kushika raketi, huambiwa apige kwa nguvu toka juu kwenda chini, kwa kuwa ndilo pigo lishangiliwalo. Wavu una kimo cha mita 1.55 penye nguzo; mtoto wa miaka 9 aghalabu hafikii hapo. Kinyoya chake kitakwenda wapi ila wavuni? Siku chache akachoka, akaiacha raketi, nasi tukasema hana kipaji.

Sisi tuliosoma chuoni hatukuanzishwa kwa Suratul Baqara na aya zake 286. Tulianza kwa alifu, tukafuata irabu, kisha sura fupi za Juzuu ya Amma. Fupi, lakini kila moja ni sura kamili. Na vinyoya vifundishwe vivyo hivyo. Wavu ushushwe. Uwanja, ambao urefu wake ni mita 13.40, ufupishwe. Mtoto aishike raketi kama anayempa mtu mkono, vidole vilegee, avikaze pale anapopiga tu. Akishapiga, arudi katikati. Nguvu zitakuja na umri.

Wala hila za mchezo zisingojee mwaka upite. Tangu siku ya kwanza mwalimu amuulize: "Mwanangu, mwenzio kasimama wapi? Wapi pako wazi?" Mtoto aliyezoea kutazama wazee wakicheza bao hatashindwa na swali hilo. Kinyoya cha kwanza kikirushwa juu hadi nyuma, mwenziwe atarudi nyuma. Cha pili kikidondoshwa karibu na wavu, hatakiwahi. Huo ni mchezo kamili, na mtoto mdogo auweza.

Limebaki la mahali. Kinyoya kina manyoya 16, na uzito wake haufiki gramu 6. Kusi ikivuma upande wa Mama Ngina hukichukua itakako, na mtoto hajui kosa ni lake au la upepo. Basi mwenye ukumbi unaokaa bure jioni na aufungue, wavulana siku zao na wasichana siku zao. Mabinti nao wana haki ya kucheza, na penye kuta nne wazazi wao watawaruhusu kwa moyo mkunjufu.