Nguvu za Injini Zisitangulie Breki

Ni jambo la kawaida siku hizi, katika gereji ndogo zilizotapakaa nchini, kumkuta mwenye gari dogo akimtaka fundi aliongezee gari lake nguvu za farasi. Haja hiyo ina sababu zake, na sisi hatuibezi. Mwananchi wa Bujonde, katika tambarare ya Kyela, anaishi karibu na Ziwa Nyasa, ambalo liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari. Mchele na mawese yake, ili vifike soko la Mbeya lililo kwenye kiasi cha meta 1,700, havina budi kupandishwa milima ya Rungwe kupitia Tukuyu. Aidha, hewa ya milimani ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 inazopanda. Gari lenye farasi 100 ziwani hubaki na farasi wapatao 88 Mbeya.

Njia za kuongeza nguvu ni nyingi. Fundi huweza kuchonga silinda zipokee pistoni pana zaidi, au kukwangua silinda hedi ili mchanganyiko wa petroli na hewa ubanwe kwa nguvu zaidi, au kung'oa injini nzima na kuweka iliyo kubwa. Katika magari ya Toyota Probox, kwa mfano, injini ya sentimeta za ujazo 1,298 na ile ya 1,496 ni ndugu wa tumbo moja. Upana wa silinda zake ni ule ule, milimeta 75. Ila pistoni ya ile ndogo husafiri milimeta 73.5, na ya ile kubwa milimeta 84.7. Tofauti hiyo ndogo huivusha injini kutoka farasi themanini na ushei hadi zaidi ya mia moja. Fundi anayeyajua hayo anastahili heshima, hata kama hakuyasoma darasani.

Wasiwasi wetu uko kwenye hesabu. Nguvu ya farasi mmoja ni ile inayoinua kilo 75 kwa meta moja katika sekunde moja. Tuchukue gari ambalo pamoja na abiria na mzigo lina uzito wa kilo 1,500, likipanda kilima kinachoinuka meta 10 kwa kila meta 100, kwa mwendo wa kilometa 36 kwa saa. Kila sekunde gari hilo huinuliwa meta moja. Basi linahitaji farasi 20 kuushinda mwinuko, na wengine wachache kwa ajili ya upepo na msuguano. Injini ndogo iliyo nzima ina akiba kubwa kuliko hiyo, hata baada ya kupungukiwa na hewa ya milimani, mradi dereva aingize gia ndogo mapema.

Kwa nini basi gari likwame kilimani? Mara nyingi chanzo ni uchakavu. Chujio la hewa limejaa vumbi, plagi zimekwisha, ringi za pistoni zimelegea, valvu hazifungi sawasawa, klachi inateleza, matairi hayana upepo wa kutosha. Mwenye gari ananunua farasi wapya ilhali wale alionao wamefungwa zizini. Na akikwangua hedi ya injini iliyochoka, huenda akaambulia injini inayogonga, inayochemka na kuunguza gasketi.

Sababu ya pili ni shehena. Gari la watu watano hubebeshwa wanane, na magunia juu yake. Wananchi wa Unguja na Pemba hawahitaji kusimuliwa mwisho wa mwenendo huo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba, 2011, meli ya Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, ikiwa na watu wengi mno kupita uwezo wake. Sheria ya uzito haibagui chombo cha baharini na cha barabarani.

Tena kila kilima kina upande wa pili. Lile gari letu la kilo 1,500 likiteremka kilima kile kile kwa mwendo ule ule, zile nguvu za farasi 20 hurudi, na hapo ni lazima zizuiwe, kwa injini iliyo katika gia ndogo au kwa breki zinazozigeuza kuwa joto. Dereva akiongeza mwendo hadi kilometa 72, farasi wa kuzuiwa huwa 40. Akiongeza mzigo, huongezeka tena. Breki zikipata joto kupita kiasi hulegea, na dereva hukanyaga asipate kitu. Wahenga walisema, mbio za sakafuni huishia ukingoni. Na ukingo wa barabara ya Tukuyu ni bonde.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wakuu wa Serikali, Bara na Visiwani. Kuwafukuza mafundi hawa si dawa. Wataendelea kufanya kazi zao gizani. VETA iwafuate huko waliko, iwafundishe kupima mbano wa silinda na kukagua breki, na iwape vyeti wanaofaulu. Kituo cha Nyumbu kule Kibaha, kilichoanzishwa mwaka 1985 kwa ajili ya teknolojia ya magari, kina elimu inayoweza kuwafaa. Polisi wa usalama barabarani nao waanze ukaguzi wao kwenye breki, matairi na shehena. Na kwa kuwa kadi ya gari hutaja namba ya injini na ujazo wake, anayebadili injini abadilishe na kadi. La sivyo atakuwa akitembea na hati isiyosema kweli, na siku ya ajali huenda ikamponza.

Kwa wenye magari neno letu ni fupi. Fedha ya kwanza iende kwenye matengenezo, ya pili kwenye breki. Ikibaki, ndipo waongeze farasi. Abiria aliyelipa nauli Kyela ameweka roho yake amana mikononi mwa dereva, naye anastahili kufika salama.