Mcheza Kwao Hutunzwa

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mfanyakazi katika mji wa Bariadi. Jioni moja, baada ya chakula, kijana wako wa miaka ishirini anakaa karibu nawe na kukuarifu kwamba yeye na wenzake wanne wameunda bendi. Mali yao ni gitaa moja la kuazima, kinanda kibovu, na spika iliyokwisha kutiwa gundi mara mbili. Anaomba ruhusa yako aende kupiga muziki mnadani Jumamosi ijayo, kisha Maswa, kisha Lamadi. Je, utamjibu nini?

Najua jibu linalotangulia mdomoni mwa wazazi wengi. Muziki ni uhuni, muziki hauna pensheni, muziki utamkutanisha na pombe. Sitakucheka kwa wasiwasi huo, kwa maana una sababu zake. Lakini kabla hujatamka neno, kumbuka kwanza unaishi wapi. Swali linalomkabili kijana wako, yaani namna kikundi kisichojulikana kinavyoweza kujipatia wapenzi, lilikwisha kujadiliwa Usukumani zamani sana, tena si kwa maneno matupu bali uwanjani, mbele ya watu.

Masimulizi ya Wasukuma yanatueleza habari za waganga wawili mashuhuri wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Kila mmoja alijiona bingwa kupita mwenzake. Ugomvi wao haukuamuliwa kwa mikuki wala kwa baraza la wazee. Ulipelekwa kwenye ngoma: kila mmoja acheze na watu wake, na yule atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Kutokana na wawili hao vilipatikana vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo majina yake yanatajwa hata leo kila inapozungumzwa mbina, yaani ngoma ya Kisukuma.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi kanuni ya mashindano hayo ilivyo rahisi, na jinsi ilivyo kali. Vikundi viwili husimama katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Watazamaji wako huru kwenda huku na huko. Hakuna jaji mwenye kalamu wala kikombe kilichokwisha kuandikwa jina. Anayehukumu ni miguu ya watu. Manju akichoka kabla ya wakati, au akirudia wimbo wa mwaka jana, atauona umati ukimhama na kwenda kwa mpinzani wake, naye hana pa kujificha.

Ndiyo maana wachezaji hujiandaa kwa siri, kila kikundi kikitafuta jambo ambalo watu hawajapata kuliona. Wengine wamecheza na nyoka, wengine wamecheza na nungu, na wengine wameingia uwanjani na sanamu za kuchongwa zinazochezeshwa kama watu. Mgeni anayetazama mara ya kwanza hudhani ni mzaha. La hasha! Ni watu wanaojua kwamba mtazamaji hana deni kwao, na kwamba lazima apewe sababu ya kubaki alipo.

Jambo la pili ni majira. Msimu mkubwa wa mbina huja baada ya mavuno, miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati pamba inapouzwa na watu wana nafasi na senti kidogo mfukoni. Kabla ya hapo wachezaji ni wakulima kama watu wengine. Bugobogobo, ngoma inayojulikana sasa katika majukwaa ya nchi nzima kwa wachezaji wake wanaorusha majembe, ilitoka shambani: vikundi vya vijana vililima kwa mlio wa ngoma ili mikono yote iinuke na kushuka pamoja. Kazi haikuwa adui wa muziki. Muziki ulikuwa ndani ya kazi.

Wala sitaki kukuficha ubaya uliokuwamo. Ushindani huo ulizaa pia hofu. Vyama vya ngoma vilikuwa na dawa zake za kuvuta watu na za kujikinga, na kikundi kilichoshindwa kiliweza kudai kwamba hakikushindwa kwa ngoma bali kwa uchawi. Hapo ndipo uhasama ulipoingia mahali pa heshima. Ugonjwa huo haujaisha. Hata leo utasikia habari za wanamuziki wanaotoa fedha kwa mganga badala ya kununua nyuzi za gitaa. Kijana wako akianza kusema kwamba mpinzani wake "amemfunga", mwulize kwa upole ni mara ngapi juma hili yeye na wenzake wamefanya mazoezi.

Huenda ukasema: "Hayo ni ya ngoma na jembe, bali mwanangu anataka gitaa la umeme." Vema, basi tuwatazame wapiga magitaa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ukaunda Vijana Jazz. Mlimani Park ikazaliwa Dar es Salaam mwaka 1978. Katika bendi kama hizo mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi. Mtu akiondoka, aliondoka na koo lake na vidole vyake tu.

Hata hivyo, wapenzi wa muziki walipatikana kwa njia ile ile ya Ngika na Gumha. Kila bendi ilijitangaza kwa mtindo wake, na Mlimani Park ilichota jina la mtindo wake, Sikinde, katika ngoma ya Wazaramo. Wapenzi wa Sikinde na wapenzi wa Msondo, mtindo wa ile bendi iliyotokana na NUTA, walibishana makazini na majumbani kama wapenzi wa timu za mpira. Mwaka 1985 baadhi ya nguzo za Mlimani Park, akiwamo Muhidin Maalim Gurumo, walihamia Orchestra Safari Sound. Wengi wangetarajia Sikinde ife. Haikufa, kwa sababu watu walikuwa wameupenda mtindo, na mtindo ulikuwa umejengwa na kikundi kizima. Mpinzani mpya aliilazimisha ijipange upya.

Sasa turudi Bariadi. Mji huu ulikuwa makao ya wilaya katika Mkoa wa Shinyanga hadi mwaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Simiyu na Bariadi ikawa makao makuu yake. Wametufikia watumishi, wafanyabiashara, mafundi na wanafunzi kutoka sehemu nyingi. Barabara ya lami inatuunganisha na Lamadi upande wa ziwa, na Maswa hadi Mwigumbi upande wa Shinyanga. Tuna viwanja vya Nyakabindi, ambako sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika mwaka 2018 na 2019. Tuna pamba, tuna minada, na tuna majira yale yale ya kiangazi. Nyimbo nazo sasa hupakiwa katika simu, na wimbo uliopigwa hapa asubuhi waweza kusikika Meatu kabla jua halijazama. Kijana anayetaka kuwapata watu katika mji kama huu hakuzaliwa mahali pabaya.

Kwa hiyo mimi, lau ningekuwa wewe, ningempa ruhusa. Lakini ningempa pamoja na masharti, nayo ningeyatoa katika historia hii hii.

Kwanza, asiache kazi au masomo yake kwa sababu ya bendi isiyokwisha hata mwaka mmoja. Wachezaji wa Bugobogobo hawakuona haya kushika jembe. Pili, fedha ya kwanza kupatikana iandikwe katika daftari mbele ya wote watano, na sehemu yake iwekwe kwa ajili ya vyombo. Asiyemiliki gitaa hawezi kuumiliki muda wake. Tatu, bendi itafute mpinzani, imwalike wapige naye uwanja mmoja, na baada ya kushindwa imshike mkono. Bendi inayopiga mbele ya marafiki zake tu haitajua kamwe kama inapendwa au inavumiliwa. Nne, iwe na kitu cha kwake. Mji mzima una spika zinazoimba nyimbo za watu wa mbali. Mtu hatatoka nyumbani kwake usiku ili kusikia zilezile zikiigwa vibaya.

Nimesema masharti ya kijana. Yamebaki yako, ndugu msomaji, nayo ndiyo mazito zaidi.

Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika muziki msemo huo hautoshi. Chema pia hujitembeza, tena kwa miguu, kutoka mnada hadi mnada, na huweza kufa njiani kwa kukosa watu wa kukisimamia. Katika uwanja wa mbina mtazamaji si mtu wa pembeni. Yeye ndiye mizani. Ukibaki nyumbani, umempigia kura asiyestahili. Ukienda na kumshangilia mwanao hata anapoimba vibaya, umemdanganya yeye na kuwadhulumu wenzake. Bali ukienda, ukasikiliza, ukahama upande anapopwaya, na ukarudi anapopatia, umemfundisha jambo ambalo hakuna shule itakayomfundisha.

Basi Jumamosi hiyo usimwache aende peke yake. Mchukue mama watoto, au baba watoto, na wadogo zake, mwende mapema kabla giza halijaingia. Lipeni kiingilio kama watu wengine, wala msipite mlango wa nyuma kwa sababu mpiga gitaa ni wenu. Simameni mahali anapoweza kuwaona. Na wimbo wa kwanza ukiwa mzuri, nenda mbele ya watu wote ukamtunze, hata kama ni kwa noti ndogo.

Mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwa na nani, ikiwa watu wa kwao wamebaki ndani na milango imefungwa?