Mambo ya Nyumbani: Bakuli ya Jirani



Mwezi huu twataka kunena habari ya jambo lililotutia haya katika nyumba yetu wenyewe. Jirani yetu, mama mmoja mwenyeji wa Bukoba, alitupelekea bakuli ya senene kwa mkono wa mtoto wake. Watoto wetu walipofunua kawa na kuona kilichomo, walishika pua, wakacheka. Yule mtoto alikuwa angali mlangoni, macho chini, naye aliyasikia yote.

Tuliwakemea, na ilikuwa haki. Lakini kemeo huziba kinywa tu, haliufundishi moyo. Basi jioni ile, tulipokwisha kushukuru, tukawauliza, “Ugali huu tulao ni chakula cha nani?” Wakajibu wote pamoja, “Ni chetu!” Ndipo tulipowasimulia habari zake.

Mahindi, ijapokuwa jina lake lafanana na Bara Hindi, hayakutoka huko, wala si ya kwetu tangu asili. Watu wa nchi iitwayo leo Meksiko ndio walioyatoa katika majani ya mwituni, wakayakuza, yapata miaka 9,000 iliyopita. Safari ya Columbus ya mwaka 1492 iliifungulia mbegu hiyo njia ya kuvuka bahari, na baadaye ikafika Afrika. Leo Wamalawi huuita ugali wake nsima, watu wa Zimbabwe husema sadza, na hata kaskazini ya Italia hupikwa ugali wa mahindi uitwao polenta. Wazee wetu wa kale walikuwa wakila mtama, uwele na ulezi. Walipoletewa mahindi mara ya kwanza, huenda baadhi yao nao walishika pua!

Lakini habari hii ina upande wa majonzi. Tangu kale mama wa Meksiko huchemsha mahindi pamoja na chokaa, huyaacha usiku kucha, kisha huyaosha na kuyasaga, akafanya mikate myembamba iitwayo tortilla. Watu wa Ulaya waliichukua mbegu, wasiichukue desturi hiyo. Maskini wa kaskazini ya Italia, waliokula polenta karibu peke yake siku nenda siku rudi, walishikwa na ugonjwa uitwao pelagra: ngozi huchubuka, tumbo huharisha, akili huvurugika, na wengi walikufa. Katika karne ya 20 wataalamu walitambua kwamba miili yao ilikosa vitamini iitwayo niasini. Imo katika mahindi, lakini imefungwa, na ile chokaa ndiyo iifunguayo. Mama wa Meksiko hakujua jina la vitamini, ila mikono yake ilihifadhi hekima.

Wala jambo hili halikuishia mbali. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, karanga zilipokosekana katika posho yao ya mahindi. Kwa hiyo maharage, dagaa na karanga kando ya ugali si anasa.

Tazameni, basi. Watu walichukua chakula cha wenzao, wasiwaulize wenyewe hukilaje. Na watoto wetu walicheka kabla ya kuuliza. Makosa haya mawili ni ndugu.

Tangu siku ile tumefanya desturi. Jioni moja kila juma mtoto mmoja huchagua kitu kilichopo mezani, nasi twajibu pamoja maswali matatu: Kimetoka wapi? Wenyewe hukipikaje? Kwa nini hukipika hivyo? Muhogo umetupeleka Amerika ya Kusini, chapati Bara Hindi, na chai China. Tusipojua jibu, twamwuliza anayejua. Nanyi walimu mwaweza kutundika ramani ya dunia ukutani, na kuvuta uzi kutoka Meksiko hata shamba la shule. Mtoto hatausahau uzi ule.

Nayo bakuli ya jirani? Kwetu chombo hakirudi kitupu. Asubuhi yake watoto wetu waliirudisha na ndizi ndani yake, wakamwomba radhi yule mwenzao, kisha wakamwuliza mama yake yale maswali matatu. Akawaonyesha jinsi mbawa na miguu ya senene inavyoondolewa, na jinsi wanavyokaangwa katika mafuta yao wenyewe. Mkubwa wetu alikula watatu. Mdogo alikula mmoja, macho ameyafumba. Mtoto wa jirani akacheka kwa kumwona, na safari hii walicheka wote pamoja.