Kadre ya kinga ikipasuka Masako, nani anapashwa kulipa?

Kule Masako, kilomita zipatazo 14 toka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, kinga inafanya kazi ya gari. Makala, makemba, pondu na mihogo vinatoka kule vimefungwa juu yake, mwenyewe anasukuma kwa miguu mpaka mujini. Siku kadre inapasuka njiani, mapato ya juma nzima yanapotea, na mara nyingi deni ya kununua ile kinga haijaisha bado.

Kiisha, kila mutu anafanya kitu kile kile: anaenda kwa fundi wa sudire. Hata kama kinga iko na miezi miwili tu. Kurudi kwenye butiki ilikouzwa, wengi hawafikirii hata, juu ya fakture wanaijua: chini kumeandikwa kwa Kifaransa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi wala haibadilishwi. Wanaamini mambo yameisha pale. Hayajaisha.

Fasi zingine garanti ya kadre ni kitu cha kawaida. Mwezi wa Septemba 2025 Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya kinga za barabarani, mara ya kwanza katika Afrika, na watu wengi wa mashariki waliona zile kinga za karboni, kadre yenye uzito wa kilo moja hivi. Karboni ni nyuzi zilizoshikanishwa kwa gundi ngumu. Ikipasuka, fundi wa sudire hana la kufanya. Kwa hiyo makampuni mengi makubwa yanamupa mununuzi wa kwanza garanti ya miaka mingi, mengine maisha yote. Mwenye kinga anaenda kwa muuzaji na fakture, na namba iliyoandikwa juu ya kadre, na picha za ufa. Kampuni inachunguza: kama kosa ni la kiwanda, inatoa kadre ingine. Kama kinga ilianguka ao ilibebeshwa kupita kipimo, hapana. Na hata wakikubali, mara nyingi kazi ya kufungua na kufunga vipande inabaki kwa mwenye kinga, na kadre mupya inaweza kukataa vipande vya zamani.

Kinga ya chuma ya Masako haina karatasi kama hiyo. Lakini iko na sheria, tena ya zamani sana. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba, ile inayofanya kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, inasema muuzaji anajibu kwa kasoro iliyofichama inayofanya kitu kisifae kwa kazi yake. Mununuzi anachagua: arudishe kitu na apewe pesa yake yote, ao abaki nacho na arudishiwe sehemu ya bei. Muuzaji akiwa alijua ile kasoro, analipa tena hasara iliyotokea. Kwa kasoro ambayo macho yangeiona siku ya kununua, hajibu.

Na yale maneno ya chini ya fakture? Muuzaji ambaye hakujua anaweza kukubaliana na mununuzi kwamba hatatoa garanti. Aliyejua na akanyamaza, maneno hayo hayamukingi. Katika Ubelgiji na Ufaransa, kunakotoka sheria yetu, mahakama kwa kawaida zinamuhesabu mufanya biashara wa kila siku kama mutu aliyepashwa kujua anachouza. Hoja hii inaweza kupelekwa hata mbele ya Tripaix ya kwetu.

Kipingamizi kikubwa kitakuwa muzigo. Muuzaji atasema: ulipakia magunia manne, unataka nini? Mara zingine atakuwa na haki. Lakini Kisangani kinga haikuwahi kuwa ya matembezi tu. Toleka, jina la Kilingala lenye maana ya «tupite», zilibeba watu na mizigo ya muji huu wakati magari na mafuta vilikosekana, na ziliendelea hata kiisha vita ya siku sita ya Juni 2000. Mwenye butiki anayeuzia wabeba makala kila juma, na anayewafungia mwenyewe porte-bagage ya chuma kizito, hawezi kusema alifikiri kinga ni ya mwanafunzi.

Tena chuma chenyewe kinasema. Tuyo iliyopindika katikati kiisha ikakatika inaonyesha muzigo ao kuanguka. Ufa mwembamba unaoanza kando ya sudire ya kiwanda, chini ya kiti ao kwenye shingo ya usukani, unaweza kuonyesha sudire mubaya, zaidi kama ndani kunaonekana tundu ambamo chuma hakikuingia. Fundi mwenye uzoefu anatofautisha bila shida kubwa. Lakini akishachoma, ushahidi umekufa, na hapo ndipo watu wengi wanapoteza haki yao bila kujua. Kwanza picha na telefone, namba ya kadre (mara nyingi iko chini, karibu na pedali), fundi mumoja ao wawili walioona. Kiisha butiki, upesi, maana sheria inataka malalamiko yaletwe kwa muda mufupi. Miezi sita ya kungojea ni kumupa muuzaji jibu.

Inafaa kusema pia upande wa mwenye butiki. Kinga zinafika kwa katoni, vipande vipande, zingine kwa mashua toka Kinshasa, zingine kwa barabara toka Butembo. Yeye anaona atapata hasara peke yake. Hapa kuna chombo ambacho wafanya biashara wetu hawatumii: tangu Septemba 2012 Kongo inafuata sheria za OHADA, na kati ya mufanya biashara na mufanya biashara, kasoro iliyofichama inajulishwa kwa aliyeuza ndani ya mwaka mumoja kutoka siku ilipoonekana. Muuzaji wa rejareja anayepokea kadre iliyopasuka anaweza basi kumugeukia muuzaji wake wa jumla. Bila fakture ya jumla, ni maneno matupu.

Katika kazi ya kila siku, kesi ya mahakama inaweza kula pesa kuliko kinga. Mapatano yanayofaa ni haya: butiki inatoa kadre peke yake, mwenye kinga analeta magurudumu, mnyororo na vingine vyake, na analipa fundi. Wakikatalana, chef de quartier ao wa kijiji anaweza kuwasikiliza mbele ya kufika Tripaix.

Kwa wale wanaonunua okazioni, garanti ya makampuni ya karboni kwa kawaida haimufuati mununuzi wa pili. Kwa chuma, aliyepaka rangi mupya juu ya sudire ili isionekane anajibu, hata kama si mufanya biashara. Afazali kukwangua kidogo rangi ya shingo na chini ya kiti mbele ya kutoa pesa. Muuzaji akikataa mukwangue, anajua kwa nini.